Shamba Tuliloliokota Msituni

Shamba la ofisi yetu lilikuwa na bango, na bango lilikuwa zuri. Fundi wa pale Tukuyu mjini alilichora kwa rangi nyekundu juu ya bati jeupe, akaandika jina la ofisi, zao, na kaulimbiu ya wakati ule, kwamba kilimo ni cha kufa na kupona. Nyuma ya bango hapakuwa na kitu. Siku za mwanzo palikuwa na mahindi, nakubali, maana tuliyapanda wote kwa nyimbo, mpiga picha akiwa amesimama kwenye kiti. Kisha kila mtu akarudi mezani kwake, akingoja mwenzake aende kupalilia. Rungwe mvua haimngoji mtu. Magugu yakameza mahindi, mbuzi wa jirani wakamaliza vyote viwili, na sisi tukaendelea kupanga foleni kwenye duka la ushirika kugombea ule unga wa njano wa msaada tuliouita Yanga.

Nilikuwa mpiga taipu. Baba alikuwa fundi cherehani, mtoto wa mtu wa Kilwa aliyekuja huku kufuata biashara na asirudi tena pwani. Mimi nilizaliwa Tukuyu, nikacheza na watoto wa migombani, na Kinyakyusa kilinikaa mdomoni kabla sijajua kusoma. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya niwepo kwenye habari hii. Mkuu wetu wa ofisi alikuwa mtu wa mbali, na katika miaka yake yote pale alijifunza salamu moja tu, "ugonile", yaani umelalaje, ambayo aliitoa asubuhi, jioni, na hata msibani.

Habari zikaja kwamba mgeni kutoka mkoani atapita kukagua mashamba ya ofisi. Mkuu akanywea. Alikuwa mwanamume mnene, msafi, mwenye suti za mifuko minne alizoshonewa na baba yangu, na mikutanoni hakuwa na mpinzani. Aliweza kulisifia jembe mpaka kina mama wakalengwalengwa na machozi. Kulishika ndiko kulikomshinda. Akaamua tutafute ardhi mpya, mbali na mji, ili mgeni akiuliza aambiwe kazi ipo porini na ni nzito. Mazao yangeotaje kabla mgeni hajafika? Sikumwuliza mimi, na wenye vyeo vya kumwuliza nao walinyamaza.

Ardhi tupu Rungwe ni ndoto. Pasipo na mgomba pana chai, na pasipo na chai pana kaburi la babu wa mtu. Lakini bwana misitu, rafiki mkubwa wa mkuu wetu, alisema anapajua mahali juu ya Suma, mpakani mwa msitu wa serikali, ambapo hapakai mtu. Msitu ule, alisema, anaujua mti kwa mti. Basi tukapanda Landrova: mkuu, bwana misitu, na mimi wa kuwasemesha wenyeji kama wapo. Njia ilipoisha dereva alibaki na gari, akajifunika koti, akalala. Nadhani siku ile yeye ndiye aliyekuwa na akili kutuzidi sote.

Tuliipita migomba ya mwisho, tukakivuka kijito, tukaingia msituni. Haikuchukua muda nikang'amua kwamba bwana misitu hajawahi kuuvuka mstari wa kwanza wa miti yake. Alitangulia kwa mwendo wa mwenye nyumba, kisha akaanza kusimama, kutazama juu, kuguna, na kugeuka. Njia ya ng'ombe ikawa njia ya nguruwe, na njia ya nguruwe ikafia kwenye mianzi. Mvua ikaanza, ile mvua yetu nyembamba isiyo na haraka. Mkuu alikuwa amevaa viatu vyake vya ofisini. Aliteleza, akashika majani yanayowasha, akawalaani wakoloni. Mpaka leo sijui wakoloni waliingiaje pale.

Tulipotea, ila hakuna aliyelitamka neno hilo. Bwana misitu alisema tunazunguka kwa makusudi ili tuone eneo lote. Tukazidi kuzunguka kwa makusudi. Njaa ilikuwa imeanza kutuuma vibaya niliposikia harufu ya moshi, nikawaambia. Bwana misitu akabisha: ndani ya hifadhi hapawezi kuwa na moshi. Mkuu, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshamwamini mpiga taipu, akaufuata.

Tulipenya mianzi tukatokea mahali peupe. Mbele yetu palikuwa na shamba. Si kijishamba cha kujiibia. Matuta ya viazi mviringo yaliuzunguka mteremko wote, yakiwa yametoa maua, udongo wake mweusi umeinuliwa vizuri kama uji uliokorogwa na mtu mwenye subira. Njegere zilikuwa zimepandishwa kwenye vijiti. Upande wa juu, penye magogo yaliyochomwa, palikuwa na ulezi. Uzio wa mianzi ulizuia nguruwe, na kwenye kona palijengwa dungu la kulindia kima. Nilikuwa nimeyaona mashamba ya ofisi zote za mjini. Ukiyaunganisha yote hayakufikia nusu ya lile.

Wa kwanza kusema alikuwa bwana misitu. Kwa sauti ya mahakamani alieleza kwamba tupo ndani kabisa ya hifadhi, kwamba kukata mti mmoja tu hapa ni kosa, na waliofanya haya watafungwa. Msitu ni wake, moshi umekuwa ukipanda humo misimu kadhaa, naye alikuwa na uchungu wa mtu aliyeibiwa kitu ambacho hakujua kama anacho. Mkuu alikuwa ameinama akinusa jani la kiazi. Akaniuliza kwa kunong'ona kama hiyo ndiyo bangi.

Nikamwambia ni viazi. Alionekana kuvunjika moyo kidogo.

Wanawake wawili wakatoka kwenye kibanda cha mianzi. Mmoja alikuwa mtu mzima, mrefu, amevaa koti la kiume la zamani na ameshika panga. Mwingine alikuwa kijana zaidi, mnene wa mashavu. Nikawaamkia kwa Kinyakyusa. Waliposikia lugha yao ikitoka kwa msichana aliyejifunga ushungi walitazamana, kisha wakachuchumaa kuwaamkia wanaume kama desturi inavyotaka, panga likiwa bado mkononi.

Walitukaribisha motoni. Viazi vilikuwa majivuni, na chungu cha njegere kilikuwa jikoni. Wakati tukingoja, yule mtu mzima alinieleza habari zao, nami nikamfasiria mkuu, ambaye alitazama chungu tu. Walikuwa wake wenza, wajane wa mume mmoja. Mume alipokufa, shemeji yao alitaka kuwarithi wote wawili pamoja na migomba. Wakamkatalia. Shemeji akasema basi watoke, migomba ni ya ukoo. Walikwenda kwa wazee wa kanisa wakaambiwa wavumilie. Walikwenda kwa wakubwa wa kijiji, wakaambiwa kuna shamba la pamoja, wakalime huko siku zilizopangwa. Wakalima. Wanaume walikuja kwenye shamba hilo kuhesabiwa, wakishahesabiwa wakaondoka, na mavuno yalipogawanywa wajane wakapata cha kujaza kiganja tu. Usiku huohuo walifunga mizigo wakapanda juu. "Huku juu," alisema yule mkubwa, "tunagombana na nguruwe tu. Nguruwe ana haya, ukimpigia kelele anaondoka."

Viazi vikaiva. Nimewaona watu wakila kwa njaa, lakini sijapata kuona mtu akila ushahidi kama alivyoula bwana misitu siku ile. Aliula na maganda yake, akaomba chumvi. Mkuu alimenya kiazi baada ya kiazi bila kusema, na kwa kuwa nilimjua, nilianza kuwa na wasiwasi. Ukimya wake ulikuwa na maana moja tu: alikuwa anatunga hotuba.

Alipojifuta mikono aliniambia, "Waambie wana bahati. Badala ya jela, nawaingiza kwenye mpango."

Mpango wenyewe ni kwamba shamba lile, kuanzia saa ile, ni la ofisi yetu. Wao watakuwa kikundi cha ujamaa kilichoanzishwa na ofisi, na mgeni akija watakaa kimya na kutabasamu. Hifadhi je? Bwana misitu alikohoa, akasema sheria pia ina jicho la huruma. Muda mfupi tu uliopita haikuwa na jicho hata moja. Nikawafasiria wajane neno kwa neno, sikupunguza wala sikutia sukari.

Mke mdogo aliutazama moto. Mke mkubwa akasema, "Mwulize, shamba likiwa la ofisi, palizi ni ya nani?"

"Ya ofisi, bila shaka," mkuu akajibu, akiwa ameudhika kuulizwa jambo la wazi namna hiyo. "Sote tutafanya kazi."

"Basi waje," akasema mke mkubwa. "Na majembe waje nayo."

Mke mdogo aliingia kibandani ghafla, nikamsikia huko ndani akikohoa kikohozi cha kuzuia kicheko. Yeye ndiye aliyetushusha baadaye kwa njia fupi, tukamkuta dereva anaamka.

Bango liling'olewa nyuma ya ofisi, likapandishwa mlimani kichwani mwa tarishi. Kwa mgeni tuliandaa fimbo za kutembelea, chai kwenye chupa, na watu wa kumshika mkono kwenye utelezi. Nilitumaini kidogo kwamba atakuwa mtu mkali, mtu wa kuuliza maswali. Hakuwa. Alikuwa kama mkuu wetu, ila mrefu zaidi na mwenye kofia. Alifika juu akihema, akaliona lile shamba, akavua kofia. Mkuu akamwonyesha matuta kwa mkono kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akasema walianza na pori tupu. Akasema vijana wa ofisi walilala hapa kwenye baridi. Wenzangu waliosikia hayo, watu ambao asubuhi ile ndiyo kwanza walijua kuna mlima upande huo, walitikisa vichwa kwa uchungu wa kumbukumbu.

Mgeni alitaka kumwona mwenyekiti wa kikundi. Mke mkubwa akasukumwa mbele na koti lake. Akaulizwa kwa Kiswahili anaonaje ushirikiano na ofisi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha watu wazima wa vijijini, wasioona haja ya herufi z. "Kasi ni nyingi, tata," alisema, akimwita baba kwa lugha yake. "Watu wa kasi ni kidogo. Hawa wakija kila Jumamosi, tutafika."

Mgeni akampigia makofi, na sisi sote tukapiga. Kisha akatoa hotuba, na mwisho wake akatoa agizo. Alisema amefurahishwa sana na mzee huyu wa kike, na kwamba ombi lake ni halali. Kuanzia wiki hiyo, watumishi wote wa ofisi, wakubwa kwa wadogo, watakuwa hapa kila Jumamosi mpaka mavuno, naye atakuwa anaulizia. Eneo lipanuliwe. Njia ya kupandia itengenezwe, ili ofisi nyingine zije kujifunza. Nilimtazama mkuu. Tabasamu lilikuwa bado usoni, ila limesahauliwa pale, kama nguo kwenye kamba mvua imeshaanza.

Ndivyo tulivyolima. Jumamosi alfajiri Landrova ilitushusha Suma, tukapanda. Mke mkubwa alitupokea akiwa ameketi kwenye gogo. Alimgawia kila mtu tuta lake kwa kunyoosha panga, nami nikafasiri, na kwa kuwa yeye ni mwenyekiti na agizo ni la mkoa, hapakuwa na wa kubishana naye. Mhasibu, ambaye ofisini hakuwahi kujinyanyua kwenye kiti kumpisha mtu, alichimba mitaro ya maji. Bwana misitu alikabidhiwa kazi ya njia. Alikata mianzi ya hifadhi yake mwenyewe, akang'oa visiki vya hifadhi yake mwenyewe, na kila aliposimama mke mdogo alimpelekea maji kwenye kibuyu na kumwuliza kwa upole kama amechoka. Mkuu alijaribu kuugua. Mara ya kwanza alipata cheti cha hospitali. Mara ya pili ilisemekana mkoani wameuliza, na Jumamosi iliyofuata alikuja na glavu za kuchezea mpira wa magongo ambazo sijui alizipata wapi. Malengelenge yalimtoka hata hivyo.

Mimi nililima pia. Sikuchukia. Ila nilichoka kusikia jinsi watu wazima wanavyoweza kulalamika. Walilalamika juu ya mvua, juu ya siafu, juu ya mteremko, juu ya wanawake wawili ambao, walisema, wanajifanya wakubwa kwa sababu ya sifa za mgeni. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba shamba lilikuwa la wanawake hao. Uongo ukishapaliliwa jasho likatoka, mtu huuona kuwa ni haki yake. Mkuu mwenyewe alianza kusema "viazi vyangu", na alikuwa ameshagawa mavuno kichwani: magunia ya mkoa, magunia ya picha, magunia ya nyumbani kwake. Wajane aliwatengea kilichobaki chini ya udongo baada ya kuvuna.

Hilo alilisema mbele yangu, mbele ya mke mkubwa, kwa Kiswahili, akidhani kwamba mtu anayesema "kasi" hasikii. Mke mkubwa aliendelea kusuka kikapu. Hakuniomba nifasiri.

Siku ya mavuno tulipanda na magunia matupu, na lori limeazimwa lingoje chini. Njia ilikuwa nzuri sana wakati huo, pana, imechongwa ngazi mahali penye utelezi. Tulipofika tulikuta shamba limechimbwa lote. Si kwa pupa. Matuta yalikuwa yamefukuliwa na kusawazishwa, njegere zimechumwa, ulezi umekatwa. Kibanda hakikuwapo, hata mianzi yake. Bango lilikuwa pale. Baadaye nilisikia kwamba wajane walikuwa wamewaita ndugu wa upande wa mama zao, watu wa ng'ambo ya mlima, na ile njia ya bwana misitu ilikuwa imewarahisishia mizigo.

Wenzangu walikaa kwenye matuta. Mhasibu akasema twende polisi. Mkuu akamtazama, na ndipo mhasibu naye alipoanza kufikiri: twende tukaseme nini? Kwamba tumeibiwa shamba la haramu lililokuwa si letu, na bwana misitu ndiye shahidi? Bwana misitu alikuwa ameshaanza kushuka.

Mkoani walikuwa wanangoja viazi. Kwa hiyo, siku mbili tatu baadaye, mkuu alichukua lile lori, bwana misitu na mimi, tukaenda Kiwira kununua. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kupatana bei kwa lugha ya wauzaji. Kando ya barabara, mahali malori ya Mbeya yanaposimama na watu wa mgodi wa makaa wanapokuja kununua chakula, palikuwa na marundo ya viazi, na rundo kubwa kuliko yote lilikuwa la mke mdogo. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kitambaa kichwani. Nilisita. Mkuu akaniambia niulize bei ya rundo lote.

Hakumtambua. Jumamosi zote zile alikunywa maji kutoka mkononi mwake, na hakuwa ameutazama uso wake hata mara moja. Bwana misitu alimtambua papo hapo. Aligeuka akautazama mlima, akawa kama mtu anayehesabu miti.

Mke mdogo aliitaja bei, na ilikuwa kubwa. Sikuipunguza. Nilimfasiria mkuu kwamba viazi hivi vimelimwa na watu wengi wenye vyeo, ndiyo maana ni ghali. Alidhani ni maneno ya biashara, akalipa huku ananung'unika. Vijana wa pale walipakia lorini viazi ambavyo baadhi yake mimi mwenyewe nilivipalilia.

"Ndaga fijo, tata," mke mdogo alimwambia akifunga pesa kwenye pindo la kitenge.

Mkuu aliniuliza kasema nini. Nikamwambia ameshukuru sana, na kweli ndivyo alivyosema.

Magunia yalikwenda mkoani, picha zikapigwa, na haukupita mwaka mkuu wetu akapandishwa cheo, akahamishwa kwenda kufundisha wengine. Kwenye sherehe ya kumuaga alisimulia jinsi alivyolifyeka pori la Suma kwa mikono yake, na waliokuwapo walimpigia makofi, maana nao walikuwa wamefyeka. Bwana misitu alipata ari mpya. Kiangazi kilichofuata alipanda na mgambo kuwachomea vibanda watu wengine waliolima upande wa pili wa msitu, watu ambao hawakuwa na ofisi ya kuwapokea. Alifika huko bila kupotea. Njia alikuwa nayo.

Mke mkubwa nilikutana naye sokoni Tukuyu miaka kadhaa baadaye. Walikuwa wamepata kishamba cha migomba karibu na Kiwira, wakaishi hapo wote wawili, na yule shemeji aliwahi kuja kuomba mbegu ya viazi. Walimpa. Aliniuliza habari za baba, kisha akaniuliza kama ofisi yetu bado inalima, kwa sababu kuna kipande kando ya mto kina magugu mengi na wao wamezeeka.

Nikamwambia mkuu wa sasa ni mtu wa vikao tu. Alisikitika kwelikweli.